Mwenyewe Yupo

Katika daftari la mauzo la kituo chetu, mahali lilipopaswa kuandikwa jina la msukaji, palikuwa na maneno mawili ya wino wa buluu: mwenyewe yupo. Niliyakuta mara ishirini na tatu katika kurasa za miaka minne, kwa mwandiko ule ule uliolalia kulia, wa mwalimu mstaafu aliyeshika daftari kabla yangu. Kila yalipotokea, bei ya mkeka ilikuwa imejazwa, fungu la kituo limejazwa, na fungu la msukaji limejazwa pia. Lakini safu ya mwisho, ambamo msukaji hutia saini au dole gumba kuthibitisha kwamba amepokea haki yake, ilikuwa nyeupe. Mara ishirini na tatu, nyeupe.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kukodi mtaa wa Jadida, mjini Wete: vyumba viwili na ghala dogo nyuma. Katika chumba cha mbele kinamama walisuka mikeka. Katika chumba cha pili watoto walijifunza kuchora na kuchonga baada ya chuo cha Kurani, bila malipo. Tulikuwa jumuiya isiyogawana faida, na mapato yetu yalikuwa ya namna mbili tu. Kulikuwa na ruzuku ya wafadhili wa nje, iliyolipa kodi ya nyumba, na kulikuwa na fungu moja kati ya matano ya kila mkeka uliouzwa. Mafungu manne yalikuwa ya msukaji, na msukaji aliyapata mkeka ulipouzwa, si kabla.

Nilikuja pale nikiwa na shahada ya uhasibu ya chuo kikuu cha Unguja na imani ambayo sioni haya kuikiri hata sasa: kwamba mahali padogo, pa watu wasio na fedha, panaweza kuendeshwa kwa haki kamili, hadi senti ya mwisho. Mwanamke aliyekianzisha kituo, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alinipokea kwa kunipa ufunguo wa ghala na daftari. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba hawatatoa ruzuku nyingine mpaka waletewe mizania inayoonyesha kila deni na kila amana pamoja na mwenye nayo, ikiwa na sahihi mbili, ya Bi Mkubwa na yangu. Tulipewa hadi mwisho wa mwezi.

Nilikaa siku mbili na hesabu, na hesabu ikawa rahisi kuliko nilivyopenda. Ikiwa mafungu yale yasiyochukuliwa yalikuwa amana ya watu, basi kituo kilidaiwa zaidi ya fedha zote kilizokuwa nazo benki, na mtu mwaminifu angepaswa kuandika kwamba kimefilisika. Ikiwa hayakuwa ya mtu yeyote, kituo kilikuwa kizima, tena kina akiba ndogo. Uhai wa nyumba ile, na wa kazi yote ya Bi Mkubwa, ulikaa juu ya maneno mawili, na mimi sikujua maana yake.

Au tuseme nilijua maana ambayo sikuitaka. Sisi tuliokulia Pemba tumelisikia neno hilo tangu utotoni kwa sauti ya chini. Ukiokota kitu karibu na kisima fulani, au ukipiga kelele mahali fulani saa ya adhuhuri, mkubwa hukwambia uache, pana wenyewe. Hatukuwahi kuuliza wenyewe ni nani. Tuliacha tu, tukaondoka bila kukimbia, kwa sababu kukimbia kulikuwa vibaya zaidi. Nilikuwa nimesoma hadi shahada, nikiwa na kompyuta mbele yangu mchana kweupe, na bado nilipoyasoma maneno yale kwa mara ya ishirini na tatu nilijikuta nimegeuka kutazama mlango wa ghala.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku yangu ya kwanza. Kinamama saba walikuwa wamekaa chini kwa duara katika chumba cha mbele, miguu imenyooshwa, kila mmoja na ukili wake mapajani, yaani ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza kisha ukashonwa kuwa mkeka. Palikuwa na nafasi baina ya wawili kati yao, upande wa dirisha, nami nikaketi hapo ili nijifunze. Mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyenikemea. Mikono iliendelea, na kwa muda kilichosikika kilikuwa mlio mkavu wa miyaa tu, vile vijani vya ukindu vilivyochanwa, mpaka mmoja wao, mcheshi wa kundi, aliposema kwa upole, "Sogea kwangu, mwanangu. Hapo pana upepo." Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilisogea, na mazungumzo yakarudi. Tangu siku ile niliiona nafasi ile kila asubuhi, upana wa mtu mmoja, haikanyagwi, haiwekewi hata mkoba.

Nilimuuliza Bi Mkubwa alipokuwa akichovya ukindu katika sufuria la rangi uani. Nilimwonyesha ukurasa. Hakutazama.

"Mwenyewe yupo," alisema.

"Yupo wapi, Bi Mkubwa? Nataka nimlipe."

"Yupo," alisema tena, na akanituma dukani nikanunue chumvi ya kukamatisha rangi, ingawa mkebe wa chumvi ulikuwa umejaa miguuni pake.

Nilimpigia simu mwalimu mstaafu, aliyekuwa amehamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Alifurahi kuulizwa hali, akaniuliza ya kwetu, akaniuliza kama mvua imeanza. Nilipofika kwenye maneno mawili aliiacha habari ya mvua. Kisha akaniambia kwamba yeye aliandika alivyoambiwa aandike. Mkeka wa kwanza wa namna ile ulipouzwa alikuwa amekwisha kuanza kuandika neno jingine, na Bi Mkubwa akaushika mkono wake. Nitazame vizuri, alisema, nitaona herufi zilizofutwa.

Nilitazama. Chini ya neno mwenyewe, mahali karatasi ilipokwaruzwa hata ikawa nyembamba, palikuwa na herufi tatu ambazo bado zingeweza kusomeka ukiielekeza karatasi kwenye mwanga: mar.

Basi alikuwa marehemu. Habari yenyewe, nilipoipata kwa vipande kutoka kwa mama mcheshi, haikuwa ya kificho. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenzake Bi Mkubwa tangu siku ya kwanza ya kituo, na ndiye aliyewafundisha karibu wote. Alikaa upande wa dirisha kwa sababu ya pumu. Alifariki miaka minne iliyopita, akazikwa kwao Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, na akaacha ghalani maduara ya ukili uliokwisha kusukwa lakini haujashonwa. Wenzake waliushona, mkeka baada ya mkeka, na mikeka ikauzwa. Ndivyo mtu aliyekufa alivyoendelea kuuza. Nilipolielewa hilo nilijihisi mjinga na mwepesi, nikacheka peke yangu.

Kisha nikaenda ghalani kupima.

Nilipima kwa sababu mwalimu mstaafu, aliyekuwa mwangalifu kwa kila kitu kingine, alikuwa ameandika siku ya msiba ule kiasi alichokikuta: ukili wa mwenyewe, pima mia mbili na arubaini. Mkeka wa kulalia wa kipimo chetu hula pima ishirini na nne. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba hiyo ni mikeka kumi. Sisi tulikuwa tumeuza ishirini na mitatu. Na katika pembe ya ghala, lilipotundikwa gunia lenye alama ya uzi mweusi ambalo kila mtu alilijua kuwa ni lake, nilitoa duara la ukili, nikatandaza mikono, nikapima kutoka ncha za vidole vya mkono mmoja hadi za mwingine, mara moja, mara mbili, mara kumi, huku jua la saa saba likiingia kwa ufa wa mlango. Nilipima pima sitini na bado haukwisha.

Katika chuo tulifundishwa kuogopa upungufu. Tulifundishwa jinsi mali inavyovuja: bidhaa iliyoibwa, risiti iliyoghushiwa, mkono uliopita kwenye droo. Hakuna aliyetufundisha la kufanya ghala linapozidi. Nilisimama pale na ukili umenizunguka miguuni, na nikatambua kwamba nilikuwa nikipumua kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Ukili wa mwanamke yule ulikuwa na ila. Baada ya kila hatua kadhaa, mwaa mmoja uliruka, ukalala juu ya miwili badala ya mmoja, kisha kazi ikaendelea sawasawa. Wanunuzi walikuwa wameizoea. Mfanyabiashara mmoja wa Gombani, aliyewauzia wageni, aliulizia mikeka hiyo tu, akailipia zaidi, akaiita mikeka yenye pumzi. Nilipoupitisha vidoleni ukili wa gunia lile niliikuta ila hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Na nilikuta, katikati, miyaa ya rangi ya zambarau iliyoiva. Rangi hiyo niliinunua mimi mwenyewe, Chake, mwaka huu. Kabla yake kituo hakikuwahi kuwa na zambarau.

Niliwauliza kinamama mmoja mmoja, kwa adabu, nani aliyesuka. Yule wa kwanza alisema si yeye. Wa pili alisema si yeye. Mama mcheshi aliniuliza kama siku hizi chuo kikuu wanafundisha kupeleleza mikeka, na wenzake wakacheka, lakini alipomaliza kucheka naye alisema, bila kuniangalia, "Si miye." Wote saba walilisema hilo kwa sauti moja isiyo na hasira, na mikono yao haikusimama. Niliwaamini kila nilipomsikiliza mmoja, na sikuweza kuwaamini wote.

Hapo niliamua kumtafuta mwenye haki. Aliyekufa hana mali. Mali yake huwa ya warithi tangu saa ile, na marehemu huyu alikuwa amebakisha mtu mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyeishi Makoongwe. Hakuna aliyewahi kumpelekea hata shilingi. Nilichukua mikeka miwili kutoka ghalani. Mmoja ulikuwa wa zamani sana, uliorudishwa na mnunuzi kwa sababu ya doa. Mwingine ulikuwa wa zambarau, umeshonwa mwezi uliopita. Nilimwambia Bi Mkubwa ninakokwenda. Aliendelea kuanika ukindu kwenye kamba, akageuza shungi moja, akageuza jingine, na mwisho akasema nimfikishie salamu, nimwambie hatujamsahau ndugu yake. Alisema hivyo kwa namna ya mtu anayeomba asifikishiwe.

Nilivuka kutoka Mkoani asubuhi. Nyumba ilikuwa ya mawe na udongo, nyuma ya mistari ya dagaa walioanikwa, na mwenyewe nilimkuta barazani akichagua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikaulizwa mimi ni wa nani na nimetoka upande gani, nikajibu kwa taratibu zake zote. Nilipotaja kituo, vidole vilisimama juu ya mchele.

Nilimwekea mkeka wa zamani mapajani kwanza. Hakuuliza ni wa nani. Alianza pembeni, akaufuata ukili kwa kidole cha shahada kama mtu anayesoma, akafika kwenye ila ya kwanza, akatulia.

"Hapa kakohoa," alisema.

Sikuelewa. Aliendelea.

"Hapa tena. Alikuwa hivi tangu mdogo. Kikimshika kifua mkono unaruka, mwaa unapotea njia, kisha anarudi. Mama alikuwa akimtukana, akisema mkeka huu una mafua." Alitabasamu, na tabasamu likakaa usoni pake muda mrefu huku kidole kikienda. "Hapa kapumzika. Huu kausuka kiangazi, hakohoi sana."

Nilimpa wa pili. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno. Nilitaka aniambie kwamba huu si mkono wa ndugu yake, ili nirudi na hesabu iliyofungika. Kidole kilishika njia. Tabasamu likapungua.

"Huu wake pia," alisema. "Lakini hapa kakohoa sana. Hapa, na hapa. Karibu karibu." Alipitisha kiganja kizima, polepole, kama mtu anayepapasa mgongo wa mgonjwa. "Maskini. Hajapona."

Ilikuwa saa nne ya mchana. Watu walipita njiani, jirani aliita kuku wake, na jua lilikuwa kali juu ya dagaa. Sijawahi, kabla wala baada, kuhisi baridi kama niliyoihisi barazani pale. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa mzee yule alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake, na ningerudi nikaandika lolote. Lakini nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya haki, na sikuona jinsi ya kuichukua nusu. Nilimwambia kwamba ndugu yake aliacha ukili wa mikeka kumi. Nilimwambia tumeuza ishirini na mitatu. Nilimwambia kuhusu rangi ya zambarau, kwamba niliinunua mimi, mwaka huu, kwa mkono huu.

Midomo yake ilianza kwenda, na nadhani alikuwa akisoma Fatiha. Kisha aliukunja mkeka ule kwa uangalifu na kuusukuma kutoka mapajani pake hadi kwangu.

"Basi mnamkohoza," alisema. "Miaka minne mnamkohoza ndugu yangu, mpate kuuza."

Nilianza kusema kwamba nadhani wenzake walifanya hivyo kwa mapenzi. Aliinua mkono.

"Na kwenye buku lenu mmemwandika vipi?"

Nilimwambia. Aliyarudia maneno mawili kwa sauti ndogo, kama anayeonja kitu kilichochacha.

"Sikiliza, mwanangu. Miye si mtu wa kutaka. Lakini akiwa yupo, chake ni chake, mpelekeeni alipo. Akiwa kafa, chake ni changu, nileteeni. Lililo baina ya hayo mawili halipo. Mwandikeni kafa. Na mkimwandika kafa n'taichukua haki yangu, hata ikiwa ya kununulia chumvi, maana nisipoichukua hamtamwacha."

Nilirudi Wete alasiri ile ile. Bi Mkubwa alikuwa peke yake katika chumba cha mbele, kinamama wamekwenda kusali. Nilimweleza kila kitu, na nilipofika kwenye neno mnamkohoza alijishika kifua, mahali hasa ambapo mtu mwenye pumu hujishika. Kisha alizungumza, kwa mara ya kwanza bila kunituma dukani.

Ni wote, alisema. Kila mmoja kati ya wale saba, na yeye wa nane, husuka pima mbili au tatu anapopata nafasi, nyumbani kwake, na kuzitia guniani asionekane. Hakuna aliyeagizwa. Ukili wa marehemu ulipofika mkeka wa kumi, yeye Bi Mkubwa aliingia ghalani siku moja akitarajia gunia tupu, akakuta duara. Akajua, akanyamaza. Ni sadaka, na sadaka ikitajwa mtoaji huharibika. Ndiyo sababu kila mmoja anasema si yeye, na hasemi uongo, kwa kuwa hakuna aliyesuka mkeka mzima. Mwanzoni waliutia ule mruko kwa makusudi, ili ukili ulingane. "Sasa," alisema, "hata nikisuka msala wa kusalia nyumbani kwangu, mkono unaruka wenyewe. Na siku hizi unaruka zaidi. Siye sote. Sikwambii uongo."

Nilimuuliza kwa nini hakuliruhusu neno marehemu. Nilitegemea aseme mapenzi. Alisema mapenzi, na alisema pia kodi ya nyumba. Mwaka ule wa msiba ruzuku ilichelewa, mfanyabiashara wa Gombani alitaka mikeka yenye pumzi, na fungu lisilochukuliwa lilinunua rangi na penseli za watoto na likaziba paa. Angeliandikwa marehemu, fungu lingelivuka kwenda Makoongwe. Alipokuwa akiyasema haya alikuwa akiitazama nafasi ya upande wa dirisha, na sikujua, na sijui leo, kama alikuwa akinieleza mimi.

"Ukiandika, tutaipoteza nyumba?" aliuliza.

Nilimwonyesha hesabu. Mikeka kumi ilikuwa ya marehemu. Mafungu manne ya kila mmoja yalikuwa haki ya ndugu yake. Mikeka kumi na mitatu ilikuwa ya kinamama walio hai, na wao walikuwa wametoa, na yeye alikuwa shahidi wao. Deni halikuwa kubwa kama nilivyolihofu, lakini lilikuwa kubwa kuliko tulivyoweza kulilipa tukibaki tulivyo. Kituo kisingefilisika. Kingelazimika kukirudisha chumba cha mbele kwa mwenye nyumba, watoto na kinamama wapokezane chumba kimoja, na tungemwambia mfanyabiashara wa Gombani kwamba mikeka yenye pumzi imekwisha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba kalamu, na katika ukurasa wa kwanza kati ya zile zenye maneno mawili, juu ya mahali karatasi ilipokwaruzwa, aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: marehemu. Nikaandika katika kurasa tisa zilizofuata. Katika kumi na tatu za mwisho tuliandika sadaka ya wasukaji, bila jina.

Ripoti ilikwenda na sahihi mbili. Wafadhili waliuliza swali moja tu, kwamba mdai ni nani, nikawajibu kuwa ni mrithi wa msukaji, naye ameonekana. Ruzuku ilitoka, pungufu kidogo. Tulihama chumba cha mbele siku ya Jumamosi. Duara la kinamama lilipojipanga upya katika chumba cha pili, kati ya michoro ya watoto, lilikuwa dogo zaidi, na mabega yaligusana, na hapakuwa na nafasi iliyoachwa. Wiki ile nilikwenda ghalani kupima gunia la uzi mweusi. Nilikuta pima sabini na mbili, zile zile nilizomaliza kuzihesabu siku ile, wala haikuzidi hata moja. Bi Mkubwa aliuchukua ukili ule, nasi tukaushona mikeka miwili mikubwa ya msikiti.

Deni nililipa kwa mafungu matatu, na kila mara nilivuka mwenyewe kwenda Makoongwe. Mzee alizihesabu noti kwa vidole, akatia dole gumba katika safu ile iliyokuwa nyeupe, akanipa chai. Mara ya tatu, ya mwisho, alinisindikiza hadi ukingo wa baraza, akanishika kiwiko.

"Na ukohozi," aliuliza, "umekoma?"

Kwa miezi ile mama mcheshi alikuwa akinifundisha kusuka. Nilikuwa mwanafunzi mzito, lakini nilikuwa nimefika pima yangu ya kwanza, na nilikuwa nayo mkobani ili nisuke njiani. Asubuhi ile, nikingoja chombo Mkoani, niliitandaza magotini kuikagua, kwa macho yale yale niliyozoea kukagulia hesabu. Katikati yake mwaa mmoja ulikuwa umeruka, umelala juu ya miwili. Niliifumua hadi pale nikasuka upya, polepole, nikihesabu kila mwaa kwa sauti. Uliruka pale pale. Kifua changu ni kizima. Sijaugua pumu maishani.

Nilikuwa nimeapa kwamba katika kazi ile sitasema neno lisilo kweli, na nilikuwa nimekitimiza kiapo hadi siku hiyo.

"Umekoma, bibi," nilimwambia, na nikausogeza mkoba nyuma ya mgongo, mbali na mikono yake.